Aktini, na Namna Seli Inavyolishika Umbo Lake

Seli nyekundu ya damu ya mtu mwenye afya ina kipenyo cha takriban maikromita 8, ilhali baadhi ya mishipa ambayo hulazimika kuipita ina upana wa maikromita 3 hivi, na ndani ya wengu kuna nyufa nyembamba kuliko hizo. Kila inapopita huminywa, hurefuka na kujikunja, kisha ikitokea upande wa pili hurudi kuwa kisahani kilichobonyea katikati. Hufanya hivyo kwa muda wa siku 120 hivi, bila kiini na bila uwezo wa kuunda protini mpya ya kufidia ile iliyochakaa. Kazi yangu, katika maabara ya hospitali hapa Mombasa, ni kuzitazama seli hizi chini ya hadubini, kutafuta vimelea vya malaria na kuhesabu zile zilizopinda, na swali ambalo limenishughulisha kuliko mengine yote katika kazi hii ni hili: ni kitu gani kinachoirudishia seli umbo lake?

Mchoro wa seli tuliofundishwa shuleni, ambao wanangu wangali wanaunakili katika madaftari yao, una utando kwa nje, kiini katikati, na vitu vingine vichache vilivyotawanyika ndani ya saitoplazimu. Mchoro huo hauna uongo, lakini umekiacha kile ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kilichostahili kuchorwa kwanza. Anayeutazama huondoka na fikira kwamba seli ni maji tu yaliyozungushiwa utando, na kwamba umbo lake limekuja lenyewe. Sivyo hata kidogo. Utando wa seli ni tabaka mbili za molekuli za mafuta, unene wake wote ni nanomita 5 hivi, na mafuta hayo ni laini kiasi kwamba molekuli zake huteleza na kupishana wakati wote. Utando wa namna hiyo ukiachwa peke yake ndani ya maji hujifunga ukawa tufe. Kama seli nyekundu ingekuwa utando na hemoglobini pekee, yaani ile protini inayobeba oksijeni, ningeona matufe kwenye kila slaidi ninayoisoma, na mwenye damu hiyo asingeweza kuishi kwa afya.

Kinachozuia hali hiyo ni kiunzi cha seli, yaani nyuzi za protini zinazoishika seli kutoka ndani. Katika seli nyingi za mwili kuna aina tatu za nyuzi hizo. Nyembamba kuliko zote ni za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi. Zinazofuata zina unene wa nanomita 10, nazo zinajumuisha keratini, iliyo katika ngozi, nywele na kucha, pamoja na lamini, inayokitegemeza kiini cha seli kwa ndani. Nene zaidi ni maikrotubuli, mirija yenye kipenyo cha nanomita 25 iliyojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Ndiyo njia ambamo mizigo ya seli husafirishwa, na ndiyo inayozivuta kromosomu zitengane wakati seli inapogawanyika. Maikrotubuli zina historia yake ndefu ambayo siwezi kuieleza hapa, ila nitaje jambo moja. Lile ua dogo jeupe au la waridi ambalo watu wa Pwani hulipanda uani na kando ya baraza, Catharanthus roseus, ambalo asili yake ni Madagaska, ndilo lililotupatia vinkristini na vinblastini, dawa zinazoitibu saratani kwa kuizuia tubulini isijiunge kuwa maikrotubuli. Mtoto mwenye saratani ya damu anayetibiwa kwa vinkristini anatibiwa kupitia kiunzi cha seli zake.

Nirudi kwenye seli nyekundu, ambayo kiunzi chake ni chepesi kuliko vya seli nyingine. Haina maikrotubuli. Kilichopo ni mtandao wa protini uliotandazwa chini ya utando, upande wa ndani. Nyuzi zake ndefu ni za spektrini, kila moja ikifikia urefu wa nanomita 200 hivi ikinyooshwa kabisa, nazo hukutana kwenye vifundo. Katika kila kifundo kuna kipande kifupi mno cha uzi wa aktini, chenye molekuli 13 au 14 na urefu wa nanomita 37 hivi. Kwa kawaida kila kipande hushikwa na nyuzi sita za spektrini, ndiyo maana mtandao huo ukitandazwa chini ya hadubini ya elektroni huonekana kuwa pembesita nyingi zilizopangwa kwa mfululizo. Protini iitwayo ankirini huufunga mtandao kwenye utando. Seli inapominywa, spektrini hunyooka upande mmoja na kukunjamana upande mwingine, na minyo ikiisha huvuta kila kitu kirudi mahali pake. Hilo ndilo jibu la swali langu kwa ufupi, lakini jibu hilo halina maana kubwa kwa mtu asiyeijua aktini yenyewe, kwa sababu vile vipande vifupi kwenye vifundo ni sehemu ndogo tu ya uwezo wa protini hiyo.

Kabla ya kuendelea nieleze kinachotokea mtandao huu unapokuwa na kasoro. Mtu akirithi hitilafu katika ankirini au spektrini, utando hukosa kushikwa barabara, seli hupoteza vipande vya utando kidogo kidogo, na mwishowe huwa tufe. Kwenye slaidi huzitambua seli za namna hiyo kwa kukosa ule weupe wa katikati na kwa rangi yake iliyokolea. Tufe haliwezi kujikunja lipenye nyufa za wengu, hivyo hunaswa na kuharibiwa humo, mgonjwa akapungukiwa damu ijapokuwa uboho wake unaendelea kuzalisha seli. Hemoglobini yake haina kasoro yoyote. Kilichoharibika ni umbo, na umbo hilo ni kazi ya kiunzi.

Aktini ilitambuliwa mjini Szeged, Hungaria, katikati ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Albert Szent-Györgyi, aliyekuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, aliigeukia misuli akiwa na wenzake, miongoni mwao Ilona Banga na Brunó Straub. Protini iitwayo miosini ilikuwa imejulikana tangu karne ya 19, na ilidhaniwa kwamba yenyewe ndiyo inayojikunja msuli unapofanya kazi. Banga alisaga nyama ya msuli na kuiloweka katika maji ya chumvi ili aitoe miosini. Nyama iliyolowekwa kwa dakika 20 ilitoa kioevu chepesi, ilhali ile iliyoachwa hadi siku ya pili ilitoa kioevu kizito sana, ambacho kilikuwa chepesi ghafla kilipotiwa ATP, kemikali inayoipa seli nguvu ya kufanya kazi. Tofauti kati ya vioevu hivyo viwili haikuwa bahati nasibu. Straub aliifuatilia, na mwaka 1942 akafaulu kuitenga protini ya pili iliyokuwa imetoka pamoja na miosini. Hiyo ndiyo aktini. Szent-Györgyi alipotengeneza nyuzi kutokana na protini hizo mbili na kuzitia ATP, nyuzi zilifupika mbele ya macho yake, ndani ya chombo cha kioo, nje kabisa ya mwili wa mnyama. Kila ninapolifikiria jaribio hilo napata hamasa ile ile, kwa sababu mwendo, ambao kwa karne nyingi ulihesabiwa kuwa alama ya uhai wenyewe, ulionekana ukifanywa na protini mbili na kemikali moja. Kwa sababu ya vita, habari hizo zilichelewa kuvuka mipaka ya Hungaria.

Mwaka 1954 makala mbili zilizochapishwa katika toleo moja la jarida la Nature, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson (Huxley hawa wawili hawakuwa ndugu), zilionyesha kwamba nyuzi za msuli hazijikunji wala hazifupiki. Nyuzi nene za miosini na nyembamba za aktini huteleza zikapishana, na msuli mzima hupungua urefu kwa sababu ya kupishana huko. Vichwa vya miosini hushika aktini, huvuta, huachia, kisha hushika mbele zaidi. ATP huhitajika hasa ili vichwa viweze kuachia, na hapa kuna jambo ambalo wavuvi na wauza samaki wetu wanalijua kwa mikono. Samaki aliyevuliwa karibuni hukakamaa saa chache baada ya kufa, kwa sababu ATP yake imekwisha na miosini imebaki imeshikamana na aktini bila njia ya kujitoa. Ukakamavu huo huisha baadaye, protini zinapoanza kuvunjika. Mwili wa binadamu hufuata kanuni hiyo hiyo, na wazee wetu wanaoosha maiti wana sababu njema ya kuvilainisha viungo mapema.

Kwa miaka kadhaa aktini ilihesabiwa kuwa ni mali ya msuli. Mwaka 1966 Sadashi Hatano na Fumio Oosawa, nchini Japani, waliitenga kutoka kwa Physarum, kiumbe cha utelezi kinachotambaa juu ya magogo yanayooza na kisichokuwa na msuli wowote. Tangu hapo imeonekana kila mahali palipotafutwa: katika seli za mimea, za kuvu, za wadudu na zetu. Katika seli zisizo za msuli huweza kuwa kati ya asilimia 1 na 5 ya protini yote. Sisi binadamu tuna jeni sita za aktini, na aktini ya hamira inafanana na yetu kwa zaidi ya asilimia 85 ya mpangilio wa asidi amino, ingawa ni zaidi ya miaka bilioni moja tangu ukoo wetu na wa hamira uachane. Protini ambayo imebadilika kidogo namna hiyo kwa muda mrefu namna hiyo ni protini ambayo karibu kila sehemu yake ina kazi. Badiliko dogo huivunja.

Molekuli moja ya aktini ina asidi amino 375 na umbo la kidonge kilichogawanyika sehemu mbili, na katikati yake mna ufa unaobeba ATP. Molekuli hizi huelea zikiwa huru, au huungana kuwa uzi uliosokotwa. Uzi huo una ncha mbili zisizolingana. Ncha moja hupokea molekuli mpya kwa urahisi, hata zilizo huru zikiwa chache. Ncha ya pili huhitaji ziwe nyingi karibu mara sita kabla haijaanza kukua. Kiasi cha aktini huru kikiwa kati ya viwango hivyo viwili, ncha ya kwanza hurefuka na ya pili hufupika, uzi ukabaki na urefu ule ule huku wenyewe ukisogea mbele, jambo ambalo Albrecht Wegner alilionyesha mwaka 1976. Nalo huwezekana kwa sababu ya ATP. Molekuli hujiunga ikiwa na ATP, sekunde chache baadaye ATP hiyo huvunjwa kuwa ADP, na sehemu ya uzi iliyozeeka namna hiyo hulegea. Protini iitwayo kofilini hukata sehemu iliyolegea, kisha profilini huisaidia molekuli iliyotoka ipate ATP mpya na huipeleka kwenye ncha inayokua.

Anayetaka kuliona jambo hilo kwa ukubwa wa macho na aende mahali panapojengwa ghorofa hapa mjini. Chini ya sakafu inayomwagwa zege husimamishwa msitu wa boriti za mikoko, na zege likishashika, boriti zile zile huondolewa nyuma na kusimamishwa mbele, kwenye kazi mpya. Aktini nayo haifanyi kazi kwa kusimama pale pale. Hufanya kazi kwa kuondolewa na kusimamishwa upya. Ndiyo maana naona wanaosema kwamba seli hutumia nguvu kukijenga kiunzi chake wamesema nusu ya habari. Nguvu ya ATP hapa hutumika zaidi katika kukifanya kiunzi kiweze kuvunjwa, kwa maana bila kuvunjwa hapangekuwa na aktini huru ya kujengea pengine, na seli ingebaki imekwama katika umbo moja.

Kwenye slaidi ile ile ninayosoma, katikati ya seli nyekundu nyingi, huwamo chembe nyeupe chache. Rangi ya Giemsa huzionyesha zikiwa zimetulia, kwa sababu zimekaushwa, lakini ndani ya mwili chembe nyeupe ya aina ya nyutrofili hutambaa maikromita 10 au zaidi kwa dakika kulifuata bakteria. Hutambaa kwa aktini. Upande wa mbele, chini kidogo ya utando, kundi la protini saba liitwalo Arp2/3, lililotengwa mwaka 1994 na Laura Machesky, Thomas Pollard na wenzao kutoka kwa amiba, hujishikiza ubavuni mwa uzi uliopo na kuanzisha uzi mpya unaochipuka kwa pembe ya digrii 70 hivi. Uzi mpya nao huchipua mwingine. Kwa muda wa sekunde chache huwapo kichaka cha nyuzi zinazokua kuelekea utando na kuusukuma mbele, ilhali nyuma miosini huivuta seli iliyobaki. Uelekeo hubadilika mara tu bakteria anapobadilisha njia, kwa sababu nyuzi za zamani zimekwisha kukatwa na malighafi yake ipo tayari kutumiwa upande mwingine. Vijichembe vinavyogandisha damu navyo, vikigusa jeraha, huacha umbo lake la kawaida na kuchomoza vidole vya aktini kwa haraka. Na seli inayogawanyika hujifunga mkanda wa aktini na miosini kiunoni, mkanda ukaendelea kubana hadi seli mbili zikaachana.

Uwezo wa namna hii una maadui. Uyoga hatari uitwao Amanita phalloides una sumu iitwayo faloidini, ambayo huzishika nyuzi za aktini zisivunjike. Katika Bahari ya Shamu, sifongo aitwaye Negombata magnifica hutengeneza latrunkulini, ambayo huikamata aktini huru isiweze kujiunga. Sifongo hawezi kukimbia samaki wanaotaka kumla, na amepata kinga katika kuigusa protini ambayo adui yake hawezi kuishi bila hiyo. Watafiti wanazitumia sumu zote mbili kila siku: faloidini iliyounganishwa na rangi inayong'aa huwaonyesha nyuzi zilipo, na latrunkulini huwaonyesha kitakachotokea nyuzi zikitoweka.

Kuna bakteria waliojifunza kuitumia aktini yetu badala ya kuiharibu. Listeria akishaingia ndani ya seli hukusanya Arp2/3 kwenye ncha yake moja, na mkia wa aktini ya mwenyeji ukajengeka nyuma yake ukimsukuma mpaka ndani ya seli jirani, bila yeye kutoka nje ambako angekutana na kingamwili. Shigella, anayeleta kuhara damu, hufanya vivyo hivyo. Lakini mimi ni mtu wa Pwani, na kimelea kinachonihusu zaidi ni cha malaria, Plasmodium.

Plasmodium ana aktini yake mwenyewe, ambayo huunda nyuzi fupi zisizodumu. Mbu anapomwacha chini ya ngozi, kimelea hicho huteleza maikromita 1 hadi 2 kwa sekunde, kasi ambayo chembe nyeupe haiwezi kuikaribia, akiutafuta mshipa wa kumfikisha kwenye ini. Hana miguu wala mkia wa kupigia, bali ana miosini na aktini zilizopangwa chini ya utando wake. Baadaye, vimelea vinapotoka kwenye ini, kila kimoja hujisukuma ndani ya seli nyekundu kwa mtambo huo huo, na tendo lote huchukua chini ya dakika moja. Kikishaingia, huigeuza nyumba. Huitumia aktini ya seli nyekundu, ile ya vifundoni, kuunda nyuzi ndefu zinazopitisha protini zake hadi kwenye uso wa seli. Protini hizo huifanya seli inate kwenye kuta za mishipa midogo, isifike kwenye wengu ambako ingeharibiwa, na kunata huko kunapotokea ndani ya ubongo ndiko kunakoua watoto.

Hapo ndipo habari ya aktini inapokutana na habari ya seli mundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu. Anthony Allison, aliyelelewa nchini Kenya, alikusanya damu mwaka 1949 na kuona kwamba hali ya kubeba jeni moja ya seli mundu ni ya kawaida zaidi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba wanaoibeba wana kinga dhidi ya malaria. Tafiti zilizofanywa Kilifi baadaye zimeonyesha kwamba kinga hiyo, dhidi ya malaria kali, inafikia takriban asilimia 90. Sababu zake ni zaidi ya moja. Mwaka 2011 Marek Cyrklaff, Michael Lanzer na wenzao wa Heidelberg walionyesha, kwa hadubini ya elektroni, kwamba ndani ya seli zenye hemoglobini S, ile ya seli mundu, au C, aina nyingine ya kurithi, kimelea hushindwa kuzipanga nyuzi za aktini ipasavyo, na mizigo yake haifiki juu kwa utaratibu. Maelezo haya yananiridhisha kuliko mengine niliyosoma shuleni, ambayo yaliishia kusema kwamba seli hizo ni mbaya kwa kimelea bila kueleza ubaya huo u wapi.

Kwa aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, mambo ni mengine. Hemoglobini S ikikosa oksijeni hujipanga kuwa fito ndefu zinazoipinda seli, na ikipata oksijeni tena fito huyeyuka. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi aliniuliza kwa nini, basi, kwenye slaidi iliyotengenezwa kwa damu iliyoachwa penye hewa ya kutosha, bado seli nyingine zinabaki zimepinda. Lilikuwa swali zuri sana, na jibu lake lilipatikana mwaka 1976. Samuel Lux na wenzake walizichukua seli zilizopinda moja kwa moja, yaani zisizonyooka tena, wakaondoa hemoglobini yote, kisha wakayayeyusha mafuta ya utando, wakabaki na kiunzi peke yake. Kiunzi hicho, bila hemoglobini ndani wala utando juu, kilikuwa bado kimepinda. Kupindwa na kunyooshwa mara nyingi kulikuwa kumeupanga upya mtandao wa spektrini na aktini, na sasa mtandao huo huo, ambao kazi yake ni kuirudishia seli umbo lake, ulikuwa ukiirudishia umbo la mundu. Seli ya namna hii haingoji kukosa oksijeni ili izibe mshipa. Huishi siku chache, na katika ugonjwa huu wastani wa maisha ya seli nyekundu ni kati ya siku 10 na 20 badala ya 120.

Watafiti wa Kilifi wamelifikia jambo hili kwa njia nyingine pia. Baadhi ya watu wa Pwani wana damu ya kundi liitwalo Dantu, lililo nadra sana kwingineko duniani, na aliyerithi nakala mbili za jeni yake ana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake walieleza sababu katika jarida la Nature, nayo ni ya kimaumbile kabisa: utando wa seli za Dantu umekazika zaidi, na mkazo ukizidi kiwango fulani kimelea hushindwa kuuingia, hata kama kimekwisha kujishikiza juu yake. Mtambo wake wa aktini na miosini husukuma, na seli haibonyei.

Kwa wazazi wenye watoto wa seli mundu, ambao ndio nawafikiria zaidi ninapoandika haya, lililo muhimu katika jaribio la mwaka 1976 ni kwamba kiunzi hakipindi kwa mara moja. Huhitaji kupindwa tena na tena, kwa hiyo kila mpindo uliozuiwa una faida yake. Dawa iitwayo haidroksiyurea huizuia mipindo hiyo kwa kuufanya mwili uendelee kutengeneza hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzivuruga zile fito zisijipange, na seli zilizopinda moja kwa moja hupungua. Jaribio la REACH, ambalo Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vinne barani Afrika na ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, liliwapa dawa hiyo watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Vipindi vya maumivu vilipungua, haja ya kuongezwa damu ikapungua, na vifo navyo vikapungua. Hata malaria, ambayo wengi waliogopa kwamba ingeongezeka, ilipungua. Dawa hii inahitaji uangalizi wa daktari na kupimwa damu mara kwa mara, na mtoto hawezi kuianza kabla hali yake haijajulikana, kwa hiyo mzazi ambaye katika ukoo wake au wa mwenziwe kumewahi kuwa na seli mundu na amwombe daktari ampime mtoto katika miezi yake ya kwanza, kabla vidole havijaanza kuvimba, dalili ya mapema ya ugonjwa huu.